Tupeane uzoefu: kompyuta yako ilipokata sauti, tatizo lilikuwa wapi hasa?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu naufungua nikiwa na uchungu.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani. Mwaka jana nilibadilisha monita: ya zamani ilikuwa ya waya wa VGA, mpya ni ya waya wa HDMI. Siku hiyohiyo sauti ikakata. Alama ya spika ipo, haina msalaba mwekundu, sauti iko 100, taa ya spika inawaka, lakini kimya. Nikabeba boksi hadi kwa fundi, akasema dawa ni kupiga Windows upya. Akapiga. Nimefika nyumbani, nachomeka, kimya kilekile, na mafaili yameondoka yote, yakiwemo marekodi ya marehemu bibi akinisimulia ukoo wetu. Sikuwa nimeyahifadhi pengine.

Kumbe waya wa VGA haubebi sauti, wa HDMI unabeba. Windows ikaihamishia sauti kwenye monita, na monita yenyewe haina spika. Nilitakiwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika mmsys.cpl ili dirisha la sauti lifunguke, kuchagua spika zangu, kisha Set Default. Dakika moja.

Kwenye dirisha hilo kuna kitu nawaomba mkizoee. Weka wimbo ucheze, halafu tazama vistari vilivyo pembeni ya kila kifaa. Ukiona kijani kinapanda na kushuka mbele ya jina fulani, kompyuta inatoa sauti na inaipeleka huko. Basi kagua waya, tundu na spika, wala usiguse Windows. Visipocheza popote, na programu yenyewe hujaizima sauti, hapo ndipo uanze kuwaza draiva (programu inayoiunganisha Windows na kifaa cha sauti) au Windows Audio, ile huduma ya ndani ya Windows inayoendesha sauti.

Leteni na yenu.

Mchangiaji, Morogoro
Pole sana mkuu, hasa kwa sauti ya bibi. Yangu ilikuwa laptop. Spika za ndani zimekufa, hedifoni zinafanya kazi. Nilipofungua hapo kwenye mmsys.cpl nikakuta inaonyesha hedifoni zimechomekwa wakati tundu liko wazi. Ndani ya tundu kuna kibati kidogo kinachosukumwa na pini. Changu kilinasa kwa vumbi. Niliizima laptop, nikachomeka na kuchomoa pini safi kama mara 20, kikaachia. Kabla ya hapo nilishanunua spika za USB bure.

Mchangiaji, Nakuru
Kwangu ilikuwa matundu ya mbele ya desktop. Ya nyuma yanaimba, ya mbele hayasemi kitu. Nilifungua kava nikakuta waya unaotoka mbele unaning'inia tu, haujachomekwa kwenye bodi kuu (motherboard). Sehemu yake ina pini 9, na nafasi moja imeachwa tupu ili usiuchomeke kinyume. Kwenye bodi yangu imeandikwa F_AUDIO, ila nyingine huandika JAUD1 au AAFP. Chomoa umeme kwanza, tafadhali.

Na kwa wanaotumia matundu ya nyuma: spika ni tundu la kijani. La pinki ni la maikrofoni. Nimewasaidia majirani wawili kwa hilo tu.

Mchangiaji, Dar
Jamani, hedifoni za bluetooth: muziki unatoka vizuri, ukiingia kwenye kikao cha Zoom sauti inakuwa kama ya redio ya mbali. Nilidhani zimeharibika. Zangu, maikrofoni yake ikiwaka, bluetooth inahamia kwenye sauti ya simu, na ubora unashuka. Kwenye Zoom chagua maikrofoni ya laptop, hedifoni ziache zitoe sauti tu.

Mwanzisha uzi
Asanteni mno. Wa Morogoro, hilo la kibati nimelijaribu sasa hivi kwenye laptop ya shemeji yangu iliyokaa kimya tangu Pasaka. Imeongea.

Kuna mtu aliyewahi kurudisha mafaili baada ya Windows kupigwa upya? Diski ni ileile, nimeitoa na sijaitumia tena tangu siku ile. Nitashukuru sana.