MJADALA: Vyama vya mafundi ndani ya gemu viendeshwe na kompyuta au wapewe wachezaji?

Mwanzisha mada (Kijenge, Arusha)

Wakuu, salaam. Hapa Kijenge tupo kikundi tunaocheza RuneScape kwa simu, na kuna ubishi mmoja haujawahi kwisha: vile vyama vya mafundi vilivyomo ndani ya gemu viendelee kuendeshwa na kompyuta, au wakabidhiwe wachezaji? Nauleta hapa kwa sababu kule kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kwa asiyeijua: RuneScape ni gemu ya mtandaoni ya mapanga, uchawi na mazimwi. Ipo tangu Januari 2001, na toleo lake la Old School liliingia kwenye simu Oktoba 2018. Unachagua kazi: kuchimba madini, kuvua, kupika, kushona ngozi, kufua vyuma. Baadhi ya kazi hizo zina chama chake, na chama hakina mwenyekiti wala katibu. Mlangoni kuna mhusika wa kompyuta anayekukagua tu. Chama cha wapishi kinataka ujuzi wa kiwango cha 32 na kofia ya mpishi kichwani. Cha ufundi kinataka 40 na aproni ya kahawia. Wachimbaji 60, wavuvi 68. Umetimiza, ingia ufanye kazi. Hujatimiza, rudi ukajifunze.

Mimi nasema vibaki hivyo hivyo. Kompyuta haina shemeji. Dogo wa mtaa wa Unga Limited anayecheza kwa bando la usiku anapokelewa sawasawa na jamaa wa ng'ambo mwenye kompyuta ya bei mbaya.

Angalieni upande wa pili, gemu nyingine ya mtandaoni, Elder Scrolls Online. Kule vyama vya biashara ni vya wachezaji wenyewe. Chama kisipofikisha watu 50 hakifungui duka. Kikifungua, kikitaka muuzaji mahali wanapopita watu, kinaingia zabuni ya sarafu kila wiki kushindana na vyama vingine. Sasa huyo dogo atazabuni kwa kitu gani?

Fundi Simu (Ngarenaro)

Nakupinga mchana kweupe, kaka. Ulichokieleza si chama, ni geti. Chama kinafundisha, kinaonya, kinamsimamia mwanachama akidhulumiwa, na mharibifu kinamfukuza. Huyo mlinzi wako anaangalia namba na aproni basi.

Kwa hiyo nani ananufaika? Roboti. Programu inayocheza yenyewe usiku na mchana inafika kiwango cha 60 bila kusinzia, inaingia kwenye mgodi wa chama, inabeba makaa na mithril (madini ya kubuni ya gemu), inaenda kuuza. Mlinzi anaipisha. Watu wenyewe wangekuwa wanaongoza, mtu asiyejibu salamu mara tatu angeulizwa yeye ni nani. Huo usawa unaousifia ni wa kumtendea sawa binadamu na mashine, halafu mashine haichoki.

Chalii wa Sakina

Wana, sukari imepanda bei, nyie mnagombea uanachama wa mgodi usiokuwepo 😂

Mwanzisha mada

Chalii angu, hata mpira wa Uingereza hujawahi kulipwa, na bado unagombana kila Jumamosi. Tuache.

Fundi, hoja ya roboti ni nzito na siikwepi. Lakini jiulize chama cha watu kingelinda nini kule ndani. Chama cha mafundi cha kweli kinalinda ubora: kiatu kibovu kisitoke na muhuri wa chama. RuneScape haina kiatu kibovu. Papa aliyepikwa ana hali mbili tu, ameiva au ameungua, na aliyeiva anarudisha pointi 20 za uhai awe amepikwa na mimi, na wewe, au na aliyefika leo tu kiwango cha 80 kinachotakiwa, akabahatisha. Deraya ya runi, vazi la vita la chuma, ni ile ile yeyote aifue. Sasa ukiondoa ubora, viongozi wako wanabaki na mambo mawili mkononi: nani aingie, na bei iwe ngapi. Tunajua watu wakikabidhiwa hayo mawili peke yake wanafanya nini.

Mzee wa Machame

Vijana, hamjambo. Gemu zenyewe sizichezi, anacheza mjukuu wangu, ila nimesoma na kuna mahali nimejiona nyumbani.

Huku kwetu Kilimanjaro wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, wakakiita KNPA. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Kilikuwa na ghala, kilikuwa na kupima, na kahawa ilikwenda ikiwa imepangwa kwa madaraja. Halafu ikaja amri kwamba kahawa yote ipitie chama, na mwaka 1937 watu wakachafuka, maana waliona wamefungwa mikono. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika, vikarudi miaka ya themanini, na kuanzia 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Nimeviona vyote viwili, chama kikiwa na nguvu na chama kikiwa hoi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Chama cha watu hata kikikosea, kuna mkutano mkuu. Unasimama, unamnyooshea kidole mweka hazina, anatoka jasho. Hii kompyuta yenu mtainyooshea kidole mkiwa wapi?

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Nashukuru umekuja.

Kompyuta hatuwezi kuinyooshea kidole, mwenye nayo tunaweza, na imeshafanyika. Novemba 2007 kampuni ya Jagex iliweka soko kuu linaloendeshwa na kompyuta, Grand Exchange. Unaandika unachouza na bei, mfumo unakutafutia mnunuzi. Bei ikafungwa: hukuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya asilimia 5 juu au chini ya bei ya mfumo. Muda mfupi baadaye, kwa nia ya kuwakomesha wanaouza sarafu za gemu kwa dola, wakazuia hata kupeana vitu mkono kwa mkono kama thamani haikulingana. Ukitaka kumpa mdogo wako upanga wa thamani bure, ilikuwa haiwezekani. Watu walihama kwa wingi. Ikapigwa kura, zikapatikana zaidi ya milioni moja, na tarehe 1 Februari 2011 biashara huria ikarudi. Toleo la Old School lenyewe lilianza 2013 bila soko hilo, likawekwa 2015 baada ya wachezaji kulipigia kura. Huo nao ni mkutano mkuu, mzee.

Mzee wa Machame

Marahaba. Miaka mitatu kusubiri mkutano mkuu mmoja si haba!

Binti Mbuyuni (Moshi)

Shikamoo baba. Niwaingilie, kwa sababu mnagombania mlango na tatizo liko ghalani.

Kwenye gemu hizi mtu hatengenezi kitu kwa sababu kuna anayekihitaji. Anatengeneza ili ujuzi upande. Ili ufike kiwango cha juu unashona mamia kwa maelfu ya vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Sokoni kwetu Mbuyuni mtu akileta bidhaa mia ambazo hazitakiwi analala njaa, kesho analeta za aina nyingine. Kwenye gemu hata akikosa mnunuzi ameshalipwa, ujuzi umepanda. Kwa hiyo kesho anarudia.

Gemu ya zamani ya mtandaoni, Ultima Online, walilipata hili mapema, Septemba 1997. Waliwaweka wenye maduka wa kompyuta wenye fedha yenye kikomo, wakijaziwa mizigo wanakataa kununua. Ni akili ya kawaida ya duka. Wachezaji wakalalamika vibaya sana: nimeshinda nashona, mbona hanunui? Watengenezaji wakalegeza, kompyuta ikaanza kununua tu, sarafu zikamwagika, bei zikapanda. Kwa hiyo mwendeshaji awe binadamu awe kompyuta, swali langu ni moja: mzigo wa ziada unakwenda wapi?

Mimi nacheza Albion Online, ipo kwenye simu tangu 2021. Kule kuna mnunuzi wa kompyuta anaitwa Soko Jeusi, yuko mji wa Caerleon. Silaha itakayoangushwa na zimwi likiuawa inatokana na ile iliyotengenezwa na mchezaji na kuuzwa hapo. Pakikosekana silaha, Soko Jeusi linapandisha bei mpaka atokee wa kuileta. Zikijaa, bei inalala. Na ukiuawa kwenye maeneo ya hatari unapoteza ulichovaa, sehemu yake inavunjika moja kwa moja. Mzigo una pa kwenda. Tena silaha ya Albion ina madaraja matano ya ubora, na fundi aliyebobea ana nafasi kubwa zaidi ya kutoa daraja la juu. Kwa hiyo kaka wa Kijenge, ile hoja yako ya papa ikifika Albion inakufa.

Mwanzisha mada

Dada, haifi, inapata mpaka. Penye ubora unaotofautiana, chama cha watu kina kazi, nakubali bila kinyongo. Mimi naongelea RuneScape.

Fundi Simu (Ngarenaro)

Basi waambie Jagex walete madaraja ya ubora na RuneScape. Umeshajijibu.

Njiro Boy

Mnasahau sisi tusio na kadi ya benki ya kulipia kwa dola. Kuna hati inaitwa bond, unainunua kwa sarafu za gemu pale pale Grand Exchange, inakupa siku 14 za uanachama kamili. Mimi nalipia gemu kwa makaa ya mawe niliyochimba mwenyewe. Mkiwapa watu soko hilo, siku ya pili kuna mtu kakalia bond zote. Kompyuta inaweka kikomo cha kila mtu kununua kwa kila saa nne, haijui kubembelezwa.

Fundi Simu (Ngarenaro)

Mwenye akaunti ishirini ana vikomo ishirini, Njiro. Na wenye akaunti ishirini ni haohao wenye roboti.

Mwanzisha mada

Hapo Fundi umenipiga penyewe, ila dada wa Mbuyuni ametupa pa kushika, na mimi nalisukuma mbele hivi.

RuneScape nayo ina mnunuzi wa mwisho, ila watu hawamwoni kwa sababu hana duka. Ukifika kiwango cha 55 cha uchawi unapata uwezo wa kugeuza karibu bidhaa yoyote inayouzika kuwa sarafu, kwa asilimia 60 ya thamani iliyoandikwa na mfumo. Kwa hiyo deraya haishuki bei chini ya kiasi hicho, ukitoa gharama ya runi (hapa ni vile vijiwe vya kupigia uchawi), hata kama dunia nzima imezijaza. Fundi haoni sababu ya kuacha kufua. Roboti ndiyo kabisa. Desemba 2021 Jagex walianza kumkata muuzaji kodi ya asilimia 1 pale sokoni, 2025 wakaifanya 2, na sehemu ya fedha hiyo wananunulia bidhaa na kuzifuta. Yaani mkono mmoja unawalipa watu kuzalisha, mwingine unanunua na kuteketeza.

Kwa hiyo pendekezo langu likipigiwa kura halihusu vyama. Ile asilimia 60 ishushwe kwa bidhaa zilizojaa, ipande kwa zilizoadimika, kama Soko Jeusi la dada. Roboti itachimba ikose pa kuuza. Ikishindikana hapo, Fundi, tukutane Jumamosi unipe jina la mwenyekiti unayemtaka.

Fundi Simu (Ngarenaro)

Wewe uliyeshindwa kukusanya mchango wa bando la kikundi hugombei.

Binti Mbuyuni (Moshi)

Nimeunga mkono. Ila ishuke polepole. Mkiishusha siku moja, wenye ghala lililojaa watakuwa wameshauza kabla dogo wa Unga Limited hajaamka.