Mtwara–Mbeya kwa pikipiki: fundi rafiki wa bure, pikipiki ya kuazima, au fundi wa kulipa?

mwanamikindani
Wakuu, heshima kwenu. Natarajia kwenda Mbeya kwa pikipiki kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Rafiki yangu mmoja ni fundi, kasema ataikagua yote bure, mimi ninunue spea tu. Mwingine anasema niachane na yangu, nichukue ya kwake, ni kubwa na imekaa tu uani. Au nitafute fundi wa kulipa hapa mjini? Nisaidieni.

mpiga_spana
Tukusaidie nini wakati hujataja pikipiki? Aina gani? Uko peke yako au umepakia? Unaondoka lini?

chuma_chakavu
Kama ni Boxer usihangaike, spea zake mpaka vijijini zipo. Hiyo "kubwa" ya rafiki ikikuharibikia Namtumbo, spea utazitoa wapi?

mjukuu_wa_masasi
Mimi wa bure simtaki tena. Tulikuwa tunakwenda Songea, rafiki akanifungia cheni na sproketi mpya, gharama yangu chai na chapati. Akaikaza cheni pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, haina hata mfuko. Ilionekana imekaza, lakini mtu anakufanyia hisani kwenye jua la saa nane, unaanzaje kumwambia fungua tena? Tukafunga mabegi, mwenzangu akapanda. Sasa pikipiki ikishalala kwa uzito, cheni inazidi kuvutika. Kufika Mangaka ilikuwa inalia kama mlango wa godauni. Tukaipita Tunduru, tukaingia yale mapori ambayo tembo wanavuka barabara, beringi ya gurudumu la nyuma ikafa. Gurudumu linacheza kulia kushoto, giza hilo linaingia, na mavi ya tembo mabichi kwenye lami. Tulibebwa na lori la makaa ya mawe lililokuwa linarudi tupu kutoka bandarini Mtwara. Songea fundi akaikaza upya, akatukalisha wote wawili juu na mizigo yetu, ndipo akaichezesha cheni kwa kidole kuona kama bado ina nafasi. Alinilipisha, nami nikapata mdomo wa kuuliza. Yule rafiki mpaka leo anajua safari ilikuwa nzuri.

mpiga_spana
Pole, lakini hapo urafiki unausingizia. Wa kulipa nao wapo wanaokuandikia oili mpya na ya zamani haijamwagwa. Dawa ni kukaa naye pale pale. Spoki zigongwe moja moja kwa spana, inayotoa mlio mzito imelegea. Breki shuu za nyuma zifunguliwe uzione kwa macho.

mwanamikindani
Samahani wakuu, ni TVS 125. Nampakia mdogo wangu na begi moja. Tunaondoka malipo ya korosho yakishaingia.

chuma_chakavu
125, watu wawili, milima ya Lukumburu! Mtashuka msukume.

mpiga_spana
Acha kumtisha kijana. Gia namba mbili inapanda bila shida. Shida ni baridi ya Njombe, mtu wa pwani anakwenda na kijaketi cha mtumba.

bi_mkubwa_newala
Mwanangu, malipo ya mnada wa korosho wa ngapi? Maana AMCOS nyingine, hivi vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, pesa inachelewa mpaka mvua inakukuta. Wa huku uwandani mnatuonaje?

mjukuu_wa_masasi
Bi mkubwa, shikamoo. Bei ya mwaka huu usiiguse, tutalala hapa.

bi_mkubwa_newala
Marahaba. Nimeuliza tu.

dereva_mnazi_mmoja
Hamjamgusia ya kuazima. Kadi ina jina la nani? Bima iko hai? Trafiki wa Makambako hajui urafiki wenu, nenda na barua ya mwenyewe. Na ukiiangusha, yeye atanyamaza, atakayesema ni mkewe.

mwanamikindani
Dah. Kadi bado ina jina la aliyemuuzia.

chuma_chakavu
Basi hiyo iache huko uani. Uza TVS, ongezea, chukua Boxer.

mpiga_spana
Umeanza.

bi_mkubwa_newala
Hajanijibu, mnada wa ngapi?