Ringu ya Japani na The Ring ya Marekani: tofauti iko wapi, na tuanze na ipi?

Mkaazi wa Tudor

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi na vijana kadhaa wa mtaani hukutana kutazama filamu na kuzijadili, na safari hii tumekubaliana tulinganishe mbili zenye kisa kimoja: Ringu, aliyoiongoza Hideo Nakata nchini Japani mwaka 1998, na The Ring, iliyotengenezwa upya Marekani mwaka 2002 chini ya Gore Verbinski. Wengi wao wameiona ya Marekani tu, na baadhi wanashikilia kwamba hakuna haja ya kuitafuta ya kwanza, kwa kuwa mambo ni yaleyale: kuna kanda ya video, anayeitazama hupigiwa simu, na baada ya siku 7 hufa. Mimi sikubaliani nao, ila hoja yangu bado haijakomaa. Je, mbali na lugha na waigizaji, tofauti kubwa iko wapi hasa? Na tuanze na ipi?

Bint Kibokoni

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Tofauti ya kwanza ni kiasi cha maelezo. Ringu haifiki dakika 100, ilhali The Ring inakaribia saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo wa ziada imetumiwa kutueleza habari za Samara, yule mtoto wa kike ambaye mzuka wake ndio unaoua kupitia kanda: wazazi waliomlea kisiwani, farasi wao waliopatwa na wazimu, hospitali alikofanyiwa uchunguzi, hata chumba cha juu bandani alimowekwa peke yake. Nakata anatupa machache. Mama yake Sadako, ambaye ndiye mzuka wa Ringu, alikuwa na kipawa cha kuona yaliyofichika. Akaletwa mbele ya waandishi wa habari athibitishe kipawa hicho, wakamwita tapeli, na hatimaye akajitosa katika volkano ya kisiwa cha Oshima. Kuhusu baba tunapewa dokezo tu, kwamba huenda hakuwa binadamu. Mtazamaji wa Pwani aliyelelewa na hadithi za majini atalielewa dokezo hilo papo hapo, na atatishika zaidi kwa sababu halikufafanuliwa.

Tofauti ya pili ni uso. Sadako, kwa nywele zake ndefu na vazi lake jeupe, anatoka katika jadi ya Wajapani ya mizuka ya wanawake waliodhulumiwa, jadi iliyokuwa imekwisha kushamiri jukwaani tangu karne ya 19, na Nakata anamfunika uso mpaka mwisho, akituonyesha jicho moja pekee. Mwendo wake wa kutisha haukuhitaji kompyuta: mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikachezwa kwa kugeuzwa. Verbinski, kwa upande wake, alimwajiri Rick Baker, fundi mashuhuri wa vipodozi vya filamu, na nyuso za wahanga tunaziona zimeharibika waziwazi tangu mwanzoni. Kazi ya Baker ni nzuri, sikatai, lakini ukishaonyeshwa uso, akili yako haina tena kazi ya kufanya.

Msomaji wa Likoni

Naheshimu maoni ya dada yangu, lakini naona ameionea filamu ya Marekani. Yale maelezo anayoyaona kuwa mzigo ndiyo mtego wenyewe. Rachel, mama anayeichunguza kanda hiyo, anayeigizwa na Naomi Watts kwa umahiri mkubwa, anaamini kwamba akiujua ukweli wa Samara, akaitoa maiti yake kisimani na kuisitiri kwa heshima, laana itaondoka. Nasi tunaamini pamoja naye, kwa sababu tumeshaonyeshwa mateso ya mtoto huyo na tumemhurumia. Ndiyo maana Aidan, mwana wa Rachel, anapomuuliza mama yake kwa nini alimsaidia Samara, moyo wa mtazamaji unashtuka. Laana haikuondoka, na huruma yetu ilikuwa kosa. Bila ya saa nzima ya maelezo, mshtuko huo usingekuwa na uzito.

Tena kuna tukio la farasi anayechopoka ndani ya feri na kujirusha majini, ambalo katika Ringu halimo kabisa. Sisi tunaovuka kivuko cha Likoni kila asubuhi, tumesongamana bega kwa bega pamoja na magari na mikokoteni, tunajua jinsi hofu inavyoweza kuenea mahali ambapo hakuna pa kukimbilia.

Mwalimu, Kisauni

Ndugu zangu, nyote mna haki, ila naona hamjafika penye tofauti kubwa kuliko zote, nayo ni mwisho. Katika filamu zote mbili, mama anagundua kwamba alinusurika kwa sababu aliinakili kanda na kumwonyesha mtu mwingine, na sasa lazima mwanawe afanye vivyo hivyo. Katika The Ring, Rachel anamsaidia Aidan kunakili. Mtoto anauliza itakuwaje kwa yule watakayemwonyesha, naye hapewi jibu. Swali linabaki hewani, na mtazamaji anaondoka akihisi kwamba huenda yeye ndiye aliyeonyeshwa. Ni ujanja mzuri, lakini unamwachia Rachel mikono safi.

Reiko, yule mama wa Ringu, hapewi nafasi hiyo. Anampigia simu baba yake mzazi, anamwambia ana ombi kwa ajili ya mwanawe Yoichi, kisha anashika njia kwa gari. Yule babu si mtu wa kutajwa tu. Tulikwisha kumwona mapema akiwa na mjukuu wake, tukaona wanavyopendana. Kwetu sisi, ambao mtoto akiwa na shida kimbilio la kwanza ni kwa babu na bibi, ombi hilo ni zito kupindukia, kwani tunajua kwamba mzee angelikubali hata kama angeambiwa ukweli wote. Hapa filamu inauliza ni nani katika ukoo anayetolewa ili mwingine aishi, na inalijibu swali hilo bila kupepesa macho. Toleo la Marekani, pamoja na fedha na ustadi wake wote, lilikwepa jibu hilo, na kwangu mimi hilo ndilo pengo lisilozibika.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru. Mwalimu, je, hofu yangu ya kwamba vijana watachoka kusoma tafsiri chini ya picha ina msingi?

Mwalimu, Kisauni

Haina msingi mkubwa, kwa kuwa mazungumzo ya Ringu ni machache, na penye kutisha zaidi hakuna anayesema neno. Anza na hiyo. Reiko anapotambua kwamba kunakili kanda ndiko kulikomwokoa, na kabla hajapiga simu, isimamishe filamu, uwaulize vijana wako kila mmoja: kanda hii apelekewe nani? Wasikilize wote mpaka wamalize, kisha uiendeleze.