Madairekta, acheni kutuambia "utarekebisha kwenye kompyuta". Efekti za anga zinaanza siku ya kushuti!

Wakuu, salaam.

Ni saa nane usiku, kompyuta nimeizima sasa hivi, na nikilala bila kuandika huu uzi nitaamka nao kifuani. Mniwie radhi kwa urefu.

Mimi ni edita, mwaka wa tisa huu. Nilianzia harusi na vipaimara, nikahamia video za muziki, na miaka minne ya karibuni nimejikita kwenye efekti za bunilizi za kisayansi: vyombo vya anga, miale, hologramu (picha za mwanga zinazoelea hewani), roboti. Sijawahi kupenda kazi kama ninavyoipenda hii, ndiyo maana nimekasirika namna hii.

Wiki iliyopita nilipewa video ya wimbo, dakika 3 na sekunde 40. Wazo lake tamu kweli: chombo kinashuka ufukweni usiku, anatoka binti, anafungua kiganja na ramani ya nyota inaelea juu yake, halafu roboti anamkimbiza yeye na msanii vichochoroni. Nilipolisoma nikamwambia dairekta, kaka, nakuomba jambo moja tu, siku ya kushuti niite. Nitakuja kwa nauli yangu, sitaki hela, nisimame pembeni ya kamera basi. Akaitikia vizuri kabisa. Hakuniita. Jumatano jioni kijana wa bodaboda akaniletea flashi yenye shoti 14, na kwenye simu ujumbe: "Mkali wangu, tumemaliza. Pazia la kijani tuliweka. Nataka Ijumaa."

Nikafungua.

Kwa asiyejua, pazia la kijani linawekwa nyuma ya mtu ili programu iondoe rangi hiyo na mimi niweke picha nyingine mahali pake. Sasa pazia lenyewe ni satini inayong'aa, ile ya kupambia kumbi, imetundikwa na mikunjo yake yote kama ilivyotoka kwenye mfuko. Taa moja, kushoto. Kwa hiyo upande wa kushoto kijani kimeungua hadi karibu kuwa cheupe, kulia ni kijani cha chupa, na katikati michirizi ya vivuli. Wakuu, programu haina akili ya kujua hili ni pazia na huyu ni mtu. Ukiigusisha rangi na kuiambia ondoa, inaondoa rangi hiyo na zinazokaribiana nayo. Pale palikuwa na kijani cha aina tano au sita. Na binti kasimamishwa hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa, kwa hiyo kijani kimemrudia shavuni, shingoni, mpaka kwenye ncha za nywele. Nikiliondoa pazia, shavu linaondoka nalo. Nikilirudisha shavu, pazia nalo linarudi. Nimehangaika hivyo siku mbili. Wangemsogeza mbele mita mbili au tatu, wakatumia kitambaa kisichong'aa, wakakipiga pasi, wakawasha taa mbili za kumulika pazia peke yake, yote haya yasingekuwepo. Pasi, jamani! Nani hana pasi?

Kuna shoti mbili msanii kavaa jezi ya Yanga. Mbele ya pazia la kijani. Nilipotoa kijani kifua kikaondoka, kikabaki kichwa na mikono na vipande vya njano. Watu zaidi ya kumi walikuwa pale, wa kamera, wa mavazi, wa vipodozi, meneja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kijani kinawekwa kwa ajili gani.

Niseme kwa ajili gani, maana inaonekana watu wanaiga tu. Kwenye sensa za kamera nyingi, nusu ya vijicho vyake vinapokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ni ya 1976, na hadi simu iliyoko mfukoni mwako inaufuata. Kwa hiyo kijani ndiyo rangi ambayo kamera inaichukua kwa usafi zaidi, na ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina kijani kidogo. Hiyo tu ndiyo sababu. Ukimvika mtu kijani, au ukaiacha rangi hiyo imwangukie usoni, umeifuta faida yote kwa mkono wako mwenyewe.

Na bado sijafika kwenye faili. Kamera nzuri walikuwa nayo, nimeiona kwenye picha walizopiga za kujisifia. Wakarekodi kwa kiwango cha chini ili kadi isijae. Faili likaja la 8 biti, yaani ngazi za rangi ni chache, na 4:2:0, yaani rangi imepunguzwa. Kwa asiyejua: picha ya 1920 kwa 1080 hapo inabaki na mwanga wake kamili, lakini rangi imehifadhiwa kwa 960 kwa 540, yaani piseli nne zinagawana rangi moja. Jicho la mtazamaji halioni tofauti. Lakini mimi nakata kwa kutumia rangi! Ukingo wa nywele unakuja na vingazi kama umekatwa kwa wembe butu. Na hizo nilizopata ndizo afadhali, kwa sababu shoti ya chombo kushuka nilirushiwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida, imebanwa hadi mchanga wa ufukweni umekuwa uji. Si ungeituma kama dokyumenti tu, ibaki ilivyo?

Sasa nije kwenye kinachoniuma kuliko vyote, mwanga.

Hologramu si kazi ngumu kuitengeneza. Mtoto wa wiki tatu kwenye Fusion, programu ya efekti, anaiweza: unachukua picha yako, unaipa bluu ya barafu, unapitisha mistari myembamba ya mlalo, unaifanya itetemeke kidogo, unaongeza mng'ao, unaiweka juu kwa namna ya kujumlisha mwanga ili kilicho nyuma kionekane. Saa moja umemaliza. Kinachomfanya mtazamaji aamini ni uso wa aliyeishika. Kama kuna kitu kinawaka kiganjani usiku, basi kiganja kiwe cha bluu, kidevu kiwe cha bluu, kwenye mboni za macho kuwe na nukta ya mwanga, na kikitetemeka na uso utetemeke nao. Binti wa kwenye flashi uso wake ni wa rangi ya chungwa, wa taa ya kawaida, kutoka kushoto, umetulia tuli. Naweza kuweka ramani nzuri kuliko zote duniani kwenye kile kiganja na bado itaonekana stika. Mtazamaji hatajua kwa nini haamini, atasema tu "efekti za Kibongo hizo". Hapo ndipo damu inanichemka, kwa sababu anayetukanwa ni mimi.

Na dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha LED, kile cha kupambia kabati, amekificha kiganjani! Hata Wamarekani wenye hela zao wanafanya hivyo. Kwenye filamu ya Star Wars ya 1977 mwanga wa zile panga za miale ulichorwa baadaye, fremu kwa fremu, juu ya fimbo walizoshika waigizaji. Walipokuja kutengeneza The Force Awakens, Star Wars ya 2015, wakawapa waigizaji panga zinazowaka kweli, ili mwanga uwaangukie usoni na kwenye nguo pale pale. Wao wenye makompyuta ya kujaza jumba zima wameona mwanga wa kweli ni bora uchukuliwe na kamera. Wewe mwenye edita mmoja na mashine moja unasema atarekebisha.

Shoti za roboti walishuti kwa simu, kila kitu otomatiki. Simu inapandisha na kushusha idadi ya fremu yenyewe, mara 30, mara 27, kwa hiyo roboti niliyemfunga barabarani anateleza kama kavaa viatu vya magurudumu. Msanii akipita chini ya taa ya mtaani rangi ya ukuta inabadilika yenyewe katikati ya shoti. Hakuna hata alama moja ya utepe ukutani ya kufuatilia mwendo wa kamera, hakuna shoti tupu ya kichochoro bila watu, hakuna aliyeandika urefu wa kamera kutoka chini wala lenzi gani. Hayo yote ni dakika tano za mtu mmoja mwenye daftari.

Sasa piga hesabu. Shoti ya sekunde 12 kwa fremu 25 ni picha 300. Pazia likishindikana, nakata mtu kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Kila picha dakika 3, nikiwa na mkono mwepesi. Ni saa 15 kwa shoti moja, na hapo sijaweka chombo wala nyota. Shoti mbovu ziko tisa. Halafu Alhamisi usiku umeme ukakatika renda, yaani kompyuta ikitoa video ya mwisho, ikiwa asilimia 80. Malipo ya kazi nzima ni laki mbili na nusu, na bado nusu yake nimeahidiwa "wimbo ukitoka".

Najua kuna watakaokuja hapa kusema siku hizi kuna akili mnemba, bonyeza tu inakata yenyewe. Ninazo zana hizo na ninazitumia. Zinasaidia mtu akiwa ametulia na nyuma yake pako wazi. Kwenye vidole vinavyokimbia, kwenye rasta, kwenye ukungu wa mwendo, zinakula nusu ya mkono na fremu inayofuata zinaurudisha, na wewe unakaa kusafisha ule mchezo wa kuwaka na kuzima. Na wa "hatuna vifaa" nawaambia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure na Fusion imo ndani tangu 2018. Blender, ya kuundia vyombo na roboti, ni bure. Kwenye kazi hii programu siyo iliyokosekana.

Wala msiniambie Waafrika hatuwezi. Wanuri Kahiu wa Kenya katengeneza filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, dakika zipatazo 20, dunia isiyo na maji, ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, 2010. Itazameni halafu mniambie kama ule ulimwengu ulifikiriwa baada ya kushuti.

Ninachodai ni kidogo. Edita wa efekti aitwe kabla ya kamera kuwashwa. Asipoitwa, awe na haki ya kukataa shoti mbovu bila kuitwa mvivu wala kuambiwa "unaringa". Ijumaa nilimpigia dairekta nikamwomba turudie shoti tano tu, usiku mmoja, taa naleta mimi. Akanijibu, kaka, wewe si fundi? Fundi gani anakataa kazi?

NYONGEZA, Jumapili jioni:

Asanteni kwa majibu, nimesoma yote. Waliouliza imeishaje: flashi nimeirudisha leo mchana. Dairekta kapata kijana mwingine, kamwahidi siku tatu na laki moja. Simjui huyo dogo na sina ugomvi naye. Mdogo wangu, kama unapita hapa, sikiliza.

Shoti ya 3, usijaribu kuondoa pazia kwa mkupuo mmoja. Ligawe vipande vitatu, kushoto, katikati, kulia, kila kimoja na rangi yake, kisha uviunganishe. Nywele zifanye peke yake. Za jezi usiguse kijani kabisa, kata kifua kwa mkono. Mwanga wa ramani uchore kwa maski (umbo la kuzingira sehemu moja ya picha) usoni na kiganjani, uufunge kwenye mtetemo ule ule wa hologramu, usiupe wake. Za simu zibadilishe ziwe fremu 25 zisizopanda wala kushuka kabla hujaanza kufuatilia chochote. Na renda kwa picha moja moja, siyo faili moja, umeme ukikatika unaendelea ulipoishia.

Kwenye ile flashi sikufuta kazi yangu. Kuna folda inaitwa MASKI_03, binti nimemkata mpaka fremu ya 190. Anzia 191.