Re: Re: MSIBA WA KAKA MKUU: ofisi ya usajili wa vifo imegoma (kundi la tuliosoma pamoja, sasa tuko Uingereza; kila mmoja kwa jina la mji wake)

Leicester:
Wadau, poleni tena. Mwili wa Kaka Mkuu bado uko mochwari ya hospitali. ME (daktari mkaguzi wa vifo) ameshapitisha sababu ya kifo na msajili ameshatumiwa. Leo napiga simu kuomba miadi, naambiwa mimi si ndugu. Tumesoma naye mpaka kidato cha sita, tumefanya naye kazi wodi moja, mkewe na watoto wako Moshi. Sasa nani asajili? La pili: pasipoti ina majina mawili, cheti cha kuzaliwa na kadi yake ya NSSF vina matatu. Jina la babu ndilo lililoachwa. Cheti cha kifo kiandikwe lipi?

Reading:
Pole sana kaka. Nenda ofisi ya wafiwa hapo hospitalini, wakupe cheti cha daktari kwenye bahasha, ukipeleke kwa msajili mwenyewe. Ukifika na karatasi mkononi hawakufukuzi. Siku 5 zisipite.

Luton:
Dada, hayo ya zamani. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 hakuna bahasha. Karatasi inatoka kwa daktari, inapita kwa ME, inafika kwa msajili, na siku 5 zinahesabiwa kuanzia hapo. Tusiwapoteze wafiwa.

Leicester, sheria haisemi ndugu peke yake. Aliyekuwepo mtu akikata roho anaweza kusajili, na anayepanga mazishi na kampuni ya mazishi anaweza pia. Kwa hiyo anza na kampuni, saini mkataba kwa jina lako, kisha piga simu tena useme wewe ndiye unayepanga mazishi. Usijitambulishe kama rafiki, neno hilo ndilo linalokufungia mlango. Ila ujue anayesaini ndiye anayedaiwa. Mhazini akuhakikishie kwanza mchango umefika wapi.

Glasgow:
Huku Scotland ni siku 8, na unasajili ofisi yoyote ile. Unapewa Fomu 14, cheti cha kwamba kifo kimesajiliwa, basi.

Luton:
Marehemu kafia England, bwana mkubwa. Huku unasajili wilaya alikofia. Ukienda wilaya nyingine wanapokea maelezo tu na kuyatuma kule, siku zinakwenda.

Milton Keynes:
Mnabishania usajili, na kazi kubwa iko mbele. Kwa kuwa anasafirishwa, ile fomu ya kijani, kibali cha mazishi kutoka kwa msajili, isibaki kwenye faili la mtu. Inakwenda kwa koroner (afisa wa kuchunguza vifo) pamoja na Fomu 104, taarifa ya kutoa mwili nchini. Koroner anajibu kwa Fomu 103. Halafu mnasubiri siku 4 kamili, na siku ya kupokea taarifa haimo, isipokuwa yeye mwenyewe aruhusu mapema. Hapa ndipo watu wanapoumbuka: fomu imeingia Jumatano, ndege imekatwa Jumamosi, kijijini ng'ombe ameshachinjwa.

Nakala za cheti cha kifo ni £12.50 kila moja, chukueni tano au sita. Benki, pensheni, ubalozi na mirathi kila mmoja atataka nakala halisi, si fotokopi. Kwenye jeneza kampuni itoe cheti cha kutia mwili dawa, cheti kwamba hakuna maradhi ya kuambukiza, na tamko kwamba ndani hamna kingine. Zinki, yaani bati la ndani ya jeneza, inafungwa kwa kulehemu. Kama familia itataka kuaga uso, semeni SASA, wapate jeneza lenye kioo au waelekeze namna ya kukata zinki bila kuharibu.

Na mpokeaji kwenye AWB (hati ya mzigo wa ndege) awe mtu atakayekuwepo uwanjani na kitambulisho chenye jina hilohilo. Msiandike baba mzee wa Kibosho kwa heshima, halafu mzigo ukwame ghala la mizigo. Ulizeni ndege inayoshusha KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Mkishushia Dar, kuna zaidi ya kilomita 500 za barabara.

Coventry:
Nani sasa atawasomea wageni payslip (hati ya mshahara)? Kaka Mkuu alikuwa akiona msimbo wa kodi BR anampigia mtu simu usiku huohuo: "Unakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza, kesho asubuhi uwapigie HMRC, watu wa kodi, wakuwekee 1257L, msimbo wa kawaida." Bwenini alikuwa hivyohivyo, daftari la zamu za kufagia mkononi, na jina lake la kwanza kwenye zamu ya choo.

Halafu pasipoti ipi hiyo? Kama ni ya Uingereza, ndiyo yaleyale. Kenya wameruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, sisi Watanzania tukichukua pasipoti ya nje tunapewa "hadhi maalum", si uraia. Mtoto wa Kibosho anarudi kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake kama mgeni!

Reading:
Sema tena kaka! Kila uchaguzi wanakuja huku kutuahidi.

Luton:
Maiti haiombi viza. Fungueni mada yenu.

Mhazini:
Michango iende akaunti ya kamati, SI ya mtu binafsi. Benki huzuia akaunti ya mtu pesa ndogondogo zikimiminika ghafla. Kampuni ya mazishi tutailipa sisi moja kwa moja. Benki ya marehemu nayo inaweza kulipa ankara ya mazishi kutoka akaunti yake kabla ya mirathi, pelekeni ankara na cheti.

Mliokuwa naye kazini: akifa mtu bado yumo kwenye pensheni ya NHS (huduma ya afya ya taifa), kuna malipo ya mkupuo, takriban mara 2 ya mshahara wa mwaka. Ulizeni kama alijaza fomu ya kumtaja mpokeaji, na ni nani. Kama alijaza kabla ya kuoa, mke ajue mapema.

Milton Keynes:
Wasifu nauandika mimi. Darasa, nileteeni miaka sahihi ya bweni na kwaya, mwisho kesho saa 2 usiku. Leicester, suti na rozari vifike kwa kampuni kabla hawajafunga zinki.