Msaada: maji ya kimea hayafiki 1.050 hata nikichemsha saa nzima

Mpishi wa Sakina
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha, napika bia ya shayiri nyumbani ya kunywa na washkaji, siuzi. Nikishachuja kimea napata lita 26, haidromita (kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari; maji matupu ni 1.000) inasoma 1.040. Nataka ifike 1.050. Nachemsha saa moja kwenye gesi, sufuria nimelifunika nusu ili mtungi usiishe haraka, nabaki na lita 23 na kipimo ni 1.045. Nilipopikia kuni kwa shemeji Ngaramtoni, kwenye sufuria pana la shughuli, muda uleule, kikafika 1.052! Kimea kilekile. Shida ni nini, mwinuko wetu huu? Kuna sehemu nimesoma kwamba unapiga tu hesabu ya asilimia 10 kupotea kila saa.

Kibosho Juu
Kimea chako hakina kosa mkuu. Sukari haipandi na mvuke, kinachoondoka ni maji. Chukua lita, zidisha kwa tarakimu mbili za mwisho za kipimo, ndizo tunaita pointi: 26 × 40 = 1,040. Hiyo ndiyo sukari yako, haibadiliki mpaka unazima moto. Gawa kwa 23 unapata 45. Gawa kwa 20 unapata 52, kwa hiyo kule Ngaramtoni ulibaki na lita 20. Ukitaka 50, zima ikifika lita 20.8.
Hiyo asilimia 10 achana nayo. Jiko lako na sufuria lako, kwa ulivyofunika, vinatoa lita 3 kwa saa, uwe umeweka lita 26 au 15.

Dogo Njiro
Mnajitesa bure. Kwa hizo lita 23, gramu 300 za sukari ya dukani, pointi 5 hizo hapo.

Kibosho Juu
Pointi utazipata kweli. Ila sukari ya dukani inachachuka yote, bia inakuwa kavu na nyepesi mdomoni. Kama ndivyo anavyoipenda, sawa.

Mama Ulezi
Ndiyo maana mie nimebaki na mbege yangu, haidai kikokotoo 😂

Fundi Pipa
Mpishi, toa huo mfuniko kabla ya yote. Kimea cheupe kina harufu fulani ya kabichi iliyochemshwa ambayo lazima itoke na mvuke. Ukifunika inadondokea humohumo. Na gesi unayodhani unaokoa ndiyo hiyohiyo inayokunyima pointi.
Kuhusu mwinuko: Arusha tuko kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hilo halikupunguzii mvuke. Unaoamua mvuke ni ukali wa moto, na upana wa sufuria unasaidia. Mwinuko unagusa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu: uchungu unatoka kidogo kuliko mapishi ya watu wa pwani.

Mpishi wa Sakina
Nimewasoma. Sasa nikiongeza muda, hopsi si itazidi uchungu?

Kibosho Juu
Hopsi isubiri. Chemsha kama dakika 45 bila hopsi, chota kidogo, poza hadi nyuzi 20 ndipo upime. Ukipima ya moto haidromita itakusomea chini. Lita zipime kwa mwiko wa mti uliouchonga alama, na ulinganishe za moto kwa za moto, maana zikipoa hupungua karibu asilimia 4. Watu wengi hesabu inawavurugikia hapo. Ukiona lita 23.8 na 1.044, weka hopsi, malizia saa moja nyingine. Lakini mfuniko ukitoka mvuke utaongezeka, kwa hiyo ile lita 3 kwa saa ipime upya, hata kwa maji matupu.
Ikizidi nguvu usihofu, ongeza maji yaliyochemka. Kushusha ni dakika moja, kupandisha ni gesi.

Mpishi wa Sakina
Hiyo gesi ndiyo inaniuma mkuu.

Fundi Pipa
Basi punguza maji ya kusuuzia kimea, uanze na lita 24. Sukari kidogo itabaki kwenye machicha na bia itapungua lita moja hivi, ila utaanza juu ya 1.040 na hutachemsha muda mrefu. Machicha yenyewe wape nguruwe, watakushukuru.

Dogo Njiro
Au hamia kwa shemeji.