Naomba ushauri: Jefferson nimwite Mkristo au nisimwite?

Wakubwa shikamooni, wengine salamu. Nimepewa dakika 20 kuzungumza na vijana wa kanisani kwetu kuhusu imani ya waasisi wa Marekani, nimekwama kwa Thomas Jefferson.

Nilianza kwa kuandika kwamba wote walikuwa Wakristo safi. Nikafuta. Huyu bwana alichukua Injili, akakata aya kwa kisu na kuzibandika kwenye kitabu chake kwa lugha 4: Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Mafundisho ya Yesu akayabakiza, miujiza akaitupa nje. Kinaishia jiwe likivingirishwa mlangoni pa kaburi, basi; ufufuo haumo. Aliimaliza kazi hiyo karibu mwaka 1820, akiwa mzee wa miaka 70 na ushee. Na bado kwenye barua zake alijiita Mkristo!

Nikahamia kwa Benjamin Franklin nikidhani ni mwepesi. Wapi! Mwaka 1790, wiki chache kabla ya kufa, aliandika kwamba anamwamini Mungu mmoja Muumba, ila ana shaka na uungu wa Yesu.

Sasa naomba msaada. Mtu wa imani ya namna hii mngemwelezaje kwa Kiswahili chepesi, bila kumpa jina la mpagani? Pili, Jefferson aliandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, huku maishani mwake akimiliki watumwa zaidi ya 600. Niliseme hilo mwanzoni, au nisubiri waulize? Kuna kijana mmoja pale, najua ataniuliza tu.